Kwenda na mabadiliko ya sheria ya mirathi: mwongozo kwa mawakili na maofisa sheria wa Tanzania Bara

Anayesubiri Bunge lipitishe sheria mpya ya mirathi ndipo aanze kusoma, atapitwa. Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura 352, na Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971 linaloongoza mirathi katika mahakama za mwanzo ni maandishi ya zamani, na maneno yake mengi yako vilevile. Kinachobadilika ni vile vinavyoyazunguka: njia ya rufaa, lugha ya mahakama, namba za vifungu, nani anaruhusiwa kumwakilisha mteja mbele ya hakimu, na tafsiri ya Mahakama ya Rufani juu ya kifungu ambacho Bunge halijakigusa hata nukta.

Chukua mabadiliko yaliyoanza tarehe 1 Desemba 2023. Sheria Na. 11 ya 2023, iliyorekebisha sheria kadhaa za sekta ya sheria kwa pamoja, iliondoa sharti la kuomba kibali kabla ya kukata rufaa kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani. Neno "mirathi" halimo katika jina lake. Lakini kila wakili mwenye shauri la mirathi lililoanzia Mahakama Kuu au Mahakama ya Wilaya aliguswa, kwa sababu maombi ya kibali yaliyokuwa yakila miezi hayakuhitajika tena. Aliyesoma nusu ya habari alijikwaa upande wa pili: shauri lililoanzia mahakama ya mwanzo bado linahitaji cheti cha Mahakama Kuu kwamba kuna hoja ya kisheria. Mirathi mingi ya nchi hii huanzia huko huko mahakama ya mwanzo. Rufaa iliyowasilishwa bila cheti hutupwa, na muda mnaoupoteza kurudi nyuma hulipwa na mjane ambaye kodi ya nyumba haimfikii na mtoto ambaye ada haijalipwa.

Ndiyo maana utaratibu unaoelezwa hapa chini hauanzi na Sura 352 peke yake.

Hatua ya 1: Chora ramani ya sheria kwa kufuata safari ya jalada

Usipange sheria kwa alfabeti. Zipange kwa hatua ambazo jalada la mirathi hupitia, tangu cheti cha kifo hadi shauri kufungwa. Ukiona badiliko lolote utajua papo hapo linagusa wapi. Kwa Bara, ramani ya kuanzia ni hii:

- Kifo na ushahidi wake: Sheria ya Uandikishaji wa Vizazi na Vifo, Sura 108, na taratibu za RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo.
- Mahakama ipi na sheria ipi: Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura 11, hasa Jedwali la Tano, Sura 352, Sura 358 (Judicature and Application of Laws Act), hasa kifungu cha 11 kinachosema lini sheria ya mila au ya Kiislamu itumike, na Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado hutumika kwa baadhi ya marehemu.
- Nani mrithi: Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 juu ya mila, Sheria ya Ndoa, Sura 29, Sheria ya Mtoto, Sura 13, na fiqhi ya mirathi kwa Waislamu.
- Uteuzi na kazi ya msimamizi: Tangazo Na. 49 la 1971 kwa mahakama za mwanzo, Kanuni za Mirathi za 1963 kwa mahakama za juu, na Sheria ya Kabidhi Wasii Mkuu, Sura 27.
- Mali yenyewe: Sheria ya Uandikishaji wa Ardhi, Sura 334, Sheria ya Ardhi, Sura 113, sheria za mifuko ya hifadhi ya jamii, na Sheria ya Fedha ya kila mwaka.
- Ugomvi na rufaa: Sura 141 ya Mahakama ya Rufani, Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura 89, na Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura 33.

Ongeza Sura 1, Sheria ya Tafsiri za Sheria, juu ya zote. Ndiyo inayokuambia sheria inaanza kutumika lini na haki iliyokwisha kupatikana inalindwa vipi pale sheria ya zamani inapofutwa.

Ramani hii ikae ukurasa mmoja. Ikizidi hapo hakuna atakayeitazama kila wiki.

Hatua ya 2: Hamia kwenye toleo la urekebu la 2023

Toleo la Urekebu la Sheria za Tanzania la 2023 lilizinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kabla yake toleo kamili lilikuwa la 2002, na baadhi ya sheria tu ndizo zilizotolewa upya katika matoleo ya 2019 na 2022. Hukumu nyingi zilizopo zinainukuu Sura 352 kwa toleo la 2002.

Tatizo liko kwenye namba. Urekebu hukusanya marekebisho yote, huondoa vifungu vilivyofutwa, na huvipa vifungu mfululizo mpya pale vilipokuwa na herufi mkiani. Kifungu ulichokizoea kwa miaka kumi kinaweza kuwa kimesogea. Ukikopi aya kutoka ombi la 2022 na kuibandika katika ombi la leo, unaweza kuiomba mahakama itumie kifungu kinachozungumzia jambo jingine kabisa.

Fanya hivi. Chukua sheria zilizo kwenye ramani yako, moja baada ya nyingine, na utengeneze jedwali la safu tatu: namba katika toleo la zamani, namba katika toleo la 2023, na maudhui kwa maneno machache. Huhitaji kila kifungu. Kwa Sura 352 anza na vile unavyovinukuu kila siku. Kwa namba za toleo la 2002 ni kifungu cha 33 juu ya barua za usimamizi, yaani hati ya mahakama ya kumteua msimamizi, cha 49 juu ya kubatilisha uteuzi, cha 101 juu ya mamlaka ya msimamizi kushughulikia mali, na cha 107 juu ya orodha ya mali na hesabu. Kazi hii kwa sheria kumi na tano haizidi siku mbili za mtu mmoja makini, na mwingine akihakiki.

Kuanzia hapo weka kanuni ofisini: hakuna namba ya kifungu inayoandikwa bila toleo lake. "Kifungu cha 49 cha Sura 352" peke yake hakitoshi, andika na mwaka wa toleo. Unapotegemea hukumu ya zamani, taja kifungu kama hukumu ilivyokitaja kisha useme leo kinasomeka namba gani. Jaji hatakulaumu kwa urefu huo.

Hatua ya 3: Weka saa mbili za wiki, na uzilinde

Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa. Fungua orodha ya nyongeza zake, maana sheria zilizosainiwa, miswada na matangazo madogo hutoka kama nyongeza. Usisome majina pekee. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali hugawanywa katika sehemu, na kila sehemu hurekebisha sheria moja. Fungua ukurasa wa mpangilio wa vifungu, tafuta namba za Sura zilizo kwenye ramani yako, soma hizo tu. Dakika ishirini zinatosha wiki nyingi.

Kwa muswada, andika jina na sehemu inayokuhusu, kisha subiri. Kosa linalorudiwa sana ni kuanza kumshauri mteja kwa muswada uliosomwa mara ya kwanza, au kwa taarifa ya habari kwamba "Bunge limepitisha". Sheria inahitaji saini ya Rais, na kwa mujibu wa Sura 1 huanza kutumika siku inapochapishwa katika Gazeti, isipokuwa yenyewe au sheria nyingine imetaja tarehe tofauti. Kwa hiyo katika kumbukumbu zako kuna tarehe tatu: kupitishwa, kusainiwa, kuanza. Inayoamua jalada ni ya tatu. Kanuni ndogo nazo zinaweza kuchelewa miezi baada ya sheria mama, basi usifunge faili la badiliko mpaka kanuni zake zitoke.

Kalenda ya Bunge husaidia kujua lini uongeze umakini. Mikutano hufanyika takriban mara nne kwa mwaka: Januari hadi Februari, Aprili hadi Juni wakati wa bajeti, Agosti hadi Septemba, na Oktoba hadi Novemba. Sheria ya Fedha huanza Julai Mosi, na humo ndimo kodi, ushuru wa stempu na ada zinazohusu uhamishaji wa mali huguswa. Wiki ya kwanza ya Julai kagua kila orodha ya gharama unayowapa wasimamizi.

Jumatatu, TanzLII. Maktaba hii ya bure ya Mahakama ya Tanzania huweka hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu, kila moja na namba yake ya utambulisho yenye mwaka na ufupisho wa mahakama: TZCA kwa Rufani, TZHC kwa Mahakama Kuu. Chuja kwa wiki iliyopita, anza na Rufani. Tafuta kwa lugha zote mbili. Marekebisho ya 2021 yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, na hukumu za Kiswahili zimeongezeka. Ukitafuta "letters of administration" tu, hutaziona zilizoandika "barua za usimamizi", na ukitafuta Kiswahili tu utapoteza nyingine nyingi. Maneno yanayozaa matunda ni: msimamizi wa mirathi, mirathi, administrator, inventory, revocation, Form V, Fifth Schedule, G.N. 49.

Usijaribu kusoma zote. Mahakama Kuu hutoa maamuzi mengi ya mirathi kila mwezi na mengi yanarudia msimamo uliozoeleka. Soma kwa ukamilifu zile za Rufani, na za Mahakama Kuu zile tu zinazosema jambo tofauti na ulilonalo kwenye daftari.

Hatua ya 4: Ihoji hukumu kabla hujaiingiza kwenye daftari

Hapa ndipo penye kazi ngumu, na ndipo wengi huharakisha. Kichwa cha habari katika kundi la WhatsApp la mawakili kitasema "Mahakama yaamua msimamizi hana haki ya kuuza". Hukumu yenyewe inaweza kuwa imesema msimamizi yule, ambaye uteuzi wake ulikwisha batilishwa, hakuwa na uwezo wa kuuza kiwanja kile baada ya tarehe ile.

Swali la kwanza ni marehemu alikuwa chini ya sheria ipi. Mirathi ya Tanzania ina mikondo mitatu: Kiislamu, mila, na sheria ya kuandikwa. Jedwali la Tano la Sura 11 linaipa mahakama ya mwanzo mamlaka pale sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu na marehemu alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya mipaka ya mahakama hiyo. Uamuzi juu ya mirathi ya Muislamu wa Kondoa hauwezi kuhamishwa mzimamzima kwenye mirathi ya Mkristo aliyeishi Dar es Salaam miaka arobaini bila kurudi kwao. Kwa huyu wa pili ugomvi wa kwanza ni mtindo wake wa maisha ulikuwaje na alikusudia nini, na mahakama huamua hilo kwa ushahidi. Jina la ubatizo halitoshi.

Swali la pili: jambo hilo liliamuliwa kwa sababu lilibishaniwa, au lilitajwa tu njiani? La tatu: liliamuliwa na nani. Jaji wa Mahakama Kuu hafungwi na jaji mwenzake, ingawa humheshimu, hivyo maamuzi mawili yanayopingana yanaweza kuishi pamoja miaka mingi. Mahakama ya Rufani huwafunga wote. Ikiwa Rufani yenyewe ina maamuzi mawili yasiyoendana, msimamo wake ni kwamba la karibuni zaidi ndilo la kufuata. Kwa hiyo andika tarehe ya hukumu, na usiishie kwenye mwaka wa rufaa kusajiliwa. Rufaa ya 2018 inaweza kuamuliwa 2023.

Kisha uliza kama hukumu imebadili sheria au imebadili matumizi yake. Mfano mkongwe unaofaa kila ofisi kuufahamu ni shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililoamuliwa na Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, mwaka 1990. Kanuni ya 20 katika Tangazo Na. 436 la 1963 ilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini ikamkataza kuiuza. Jaji alisema ubaguzi huo hauendani na Katiba na kwamba mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yale yale ya mwanaume. Maandishi ya Tangazo hayakufutwa. Ukilifungua leo unaikuta kanuni ileile, na ofisa sheria mpya asiyejua hukumu ataisoma kama ilivyo na kumpotosha mteja. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake nayo iliiambia Tanzania, katika malalamiko ya wajane wawili, kwamba kanuni hizi za mila zinakiuka mkataba. Uamuzi wa Kamati hauwezi kufuta kanuni hapa nyumbani, lakini una nguvu ya hoja na unafaa kuwa kwenye daftari pembeni ya kanuni inayohusika.

Ukikuta kanuni kwenye maandishi na hukumu inayoipinga, viandike viwili hivyo mstari mmoja. Visipokaa pamoja, siku ya haraka utachukua kimoja.

Hatua ya 5: Daftari la mabadiliko

Lahajedwali moja inatosha, yenye safu saba: tarehe ya kuanza, chanzo, badiliko kwa sentensi moja, hatua ya jalada inayoguswa, nyaraka za kubadilisha, majalada yaliyo wazi yanayoguswa, na aliyehakiki. Mstari wa badiliko la 2023 ungesomeka hivi:

Kuanza: 1 Desemba 2023. Chanzo: Sheria Na. 11 ya 2023. Badiliko: kibali cha kukata rufaa Mahakama ya Rufani hakihitajiki tena, ila cheti cha hoja ya kisheria kwa mashauri yaliyoanzia mahakama ya mwanzo kimebaki. Hatua: rufaa. Nyaraka: kielelezo cha maombi ya kibali kiondolewe, orodha ya ukaguzi wa rufaa iongezwe swali "shauri lilianzia mahakama ipi?". Majalada: yote yenye notisi ya rufaa. Aliyehakiki: wakili wa pili, si aliyeandika.

Tazama safu ya tano. Badiliko halijaingia ofisini mpaka kielelezo cha nyaraka kimebadilika. Mnaweza kuwa na mafunzo mazuri, kila mtu akaelewa, kisha karani akafungua faili la zamani kwenye kompyuta, akabadilisha majina, akachapa. Futa vielelezo vya zamani au vihamishe kwenye folda iliyofungwa, na kila kielelezo kiwe na tarehe ya mwisho kukaguliwa chini ya ukurasa.

Hatua ya 6: Tenganisha saa za mahakama mbalimbali

Tangu marekebisho ya 2021 yaruhusu mawakili kuingia katika mahakama za mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakazi, mawakili waliozoea Mahakama Kuu wamejikuta chini ya kanuni wasizozifahamu. Kosa linalojirudia ni tarehe.

Katika mahakama ya mwanzo, kanuni ya 10 ya Tangazo Na. 49 la 1971 inamtaka msimamizi ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa awasilishe Fomu Na. 5 yenye mali na madeni yote ya marehemu, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Chini ya Sura 352, orodha ya mali huwasilishwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja.

Iweke kwenye kalenda. Msimamizi ameteuliwa tarehe 12 Machi. Ikiwa ni mahakama ya mwanzo, Fomu Na. 5 mwisho wake ni 12 Julai. Ikiwa ni Mahakama Kuu, orodha ni 12 Septemba na hesabu ni 12 Machi mwaka unaofuata. Ofisi yenye kielelezo kimoja cha barua kwa wasimamizi wote humwambia yule wa mahakama ya mwanzo "una miezi sita". Ifikapo Agosti ndugu mmoja anaomba uteuzi ubatilishwe kwa kutowasilisha orodha, na msimamizi mwaminifu aliyekuwa akikusanya madeni kwa nauli yake anaonekana mwizi mbele ya ukoo mzima.

Barua ziwe mbili, zenye rangi tofauti za karatasi kama mnachapa. Kumbusho la kwanza siku 60 kabla, la pili siku 21 kabla.

Muda mwingine wa kuukagua kila mara ni ule wa kuchelewa kuomba. Kanuni za Mirathi za 1963 zinataka ombi linaloletwa baada ya miaka mitatu tangu kifo lieleze sababu za kuchelewa. Na kwa ardhi ya marehemu iliyovamiwa, Sheria ya Ukomo wa Muda huhesabu tangu siku ya kifo hata kama msimamizi ameteuliwa jana. Miaka kumi na miwili hupita familia ikisubiri kikao cha ukoo.

Hatua ya 7: Pitia majalada yaliyo wazi

Kila badiliko linapoingia kwenye daftari, chukua orodha ya majalada ya mirathi ambayo hayajafungwa na uliulize kila moja maswali mawili. Badiliko ni la taratibu au la haki? Kwa kawaida taratibu mpya hushika hata mashauri yaliyokwisha anza, na haki iliyokwisha kupatikana hulindwa isipokuwa sheria imesema vinginevyo waziwazi. Na je, jalada liko kabla au baada ya hatua inayoguswa?

Kwa mabadiliko yanayohusu nani mrithi, tarehe ya kifo ndiyo ya kwanza kuandikwa juu ya jalada, kwa wino mzito. Wengi huandika tarehe ya kufungua shauri, na mtu aliyefariki 2009 ambaye mirathi yake imefunguliwa 2025 huchanganywa na aliyefariki jana.

Mambo yasiyochapishwa

Kuna mabadiliko ambayo hutayakuta kwenye Gazeti wala TanzLII. Masijala imeanza kudai viambatisho kwa namna fulani katika e-CMS, mfumo wa kielektroniki wa mahakama wa kusajili na kusimamia mashauri. Benki imebadili barua inayotaka kabla ya kutoa fedha za marehemu. Msajili wa Hati anataka nakala iliyothibitishwa ya hati ya uteuzi pamoja na fomu ya maombi kabla ya kumwandikisha msimamizi kama mmiliki chini ya Sura 334. Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachosikiliza masuala ya familia na mirathi mahali pamoja tangu 2021, kina mpangilio wake wa kuhudumia watu.

Haya hukusanywa na karani anayekwenda kaunta. Mpe daftari dogo na umwombe aandike mambo matatu kila anaporudishwa: alirudishwa na dirisha lipi, kwa sababu gani, na alitajiwa kanuni ipi. Kama hakutajiwa kanuni, ni desturi ya dirisha hilo, na unaweza kuihoji kwa heshima kwa barua kwa msajili. Kama alitajiwa, ipeleke kwenye daftari kubwa.

Katika usajili wa kielektroniki, usisubiri usiku wa siku ya mwisho. Kanuni za 2018 zilisema waraka ulioingizwa kwenye mfumo kabla ya saa sita usiku umewasilishwa siku hiyo, lakini suala la malipo ya ada limezua mabishano mahakamani. Pata namba ya malipo mapema, lipa siku ileile, na uhifadhi risiti pamoja na picha ya skrini yenye saa.

Nje ya mipaka ya Bara

Mirathi si jambo la Muungano. Zanzibar ina sheria zake, mahakama za Kadhi chini ya Sheria Na. 9 ya 2017, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mteja mwenye nyumba Ng'ambo, Unguja, na shamba Bagamoyo anahitaji ufuatiliaji wa pande mbili, na wakili wa huko.

Kwa familia za Tanga zenye mali Mombasa au Kwale, ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Fuatilia Kenya Law kwa hukumu na Gazeti la Kenya, ambalo nalo hutoka Ijumaa na ndimo matangazo ya maombi ya mirathi huwekwa yakiwa na siku 30 za pingamizi. Uamuzi wa kuusoma wote ni wa Mahakama ya Juu ya Kenya wa tarehe 30 Juni 2025, Ombi Na. E035 la 2023: watoto wa marehemu Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kuondolewa kwenye mirathi ya baba yao kwa sababu hiyo. Uamuzi huo hauifungi mahakama yoyote ya Tanzania. Lakini ndugu wakigawana kwa makubaliano yaliyoandikwa Tanga na kumwacha mtoto kama huyo nje, nyumba ya Mombasa inaweza kurudi mahakamani.

Ukigundua umeshachelewa

Usirekebishe kimya kimya kwa kuingiza waraka mpya juu ya wa zamani. Kanuni ya 10 yenyewe inairuhusu mahakama ya mwanzo kuongeza muda wa Fomu Na. 5, basi omba muda kwa maandishi, ueleze kila siku ya ucheleweshaji, na ukubali kosa likiwa lako ili lisimwangukie msimamizi. Kwa namba ya kifungu iliyokosewa, omba kurekebisha kabla upande wa pili haujaibua pingamizi. Kwa notisi ya rufaa iliyopitiliza siku 30, maombi ya kuongezewa muda yaende siku hiyohiyo unapogundua, maana mahakama itahesabu na siku ulizokaa nazo baada ya kujua. Mwandikie mteja siku hiyohiyo pia, kwa Kiswahili chepesi, ukimweleza nini kimetokea na nani atalipa gharama za kukirekebisha.